Moheri, nduguye hiari

Wafumaji wa masweta wanalijua jina hili, hata kama uzi wenyewe ni ghali: moheri, manyoya ya mbuzi wa Angora. (Sungura wa Angora ni habari nyingine, manyoya yake huitwa angora.) Neno limetoka kwenye Kiarabu, mukhayyar, yaani kilichochaguliwa. Lilipofika Uingereza, wenyeji walisikia ndani yake neno lao la nywele, wakaliandika hivyo. Sisi mzizi huohuo tunao siku nyingi, katika hiari na heri.

Kwa sweta jepesi, uzi wa moheri hushikwa pamoja na uzi mwembamba wa sufu, hata masalia yaliyolala kapuni, kisha hufumwa kwa sindano nene kidogo. Vitundu hubaki vikubwa na vinyoya huvijaza: joto lipo, uzito haupo. Hata rangi zisizoelewana hulainika chini ya ukungu huo.

Kazi iko kwenye kufumua. Vinyoya hung'ang'aniana, na ukivuta kwa pupa uzi unakatika. Mafundi wengine huliweka sweta kwenye friza kwanza, ndipo walifumue taratibu.