Mzunguko wa msituni wa homa ya manjano

Mzunguko wa msituni ni njia ambayo virusi vya homa ya manjano hudumu porini kwa kupita baina ya kima na mbu, na mara nyingine kumfikia binadamu. Kima hamwambukizi mtu moja kwa moja. Anayebeba virusi ni mbu jike, anayevipata anapofyonza damu ya mnyama mwenye maambukizi.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Bwamba, magharibi mwa Uganda. Huko, mbu *Aedes africanus* huwauma kima juu ya miti hasa jua linapotua. Kima wenye mkia mwekundu hushuka mashambani kuiba ndizi, na hapo huumwa na mbu wa kundi la *Aedes simpsoni*, ambao viluwiluwi vyao hukua katika maji yanayotuama kwenye makutano ya jani la mgomba na shina. Mbu hao humuuma pia mkulima. Mgonjwa akifika mjini, *Aedes aegypti* huweza kueneza virusi kati ya watu.

Kima wengi wa Afrika huambukizwa bila kuugua sana. Kima wavumao wa Amerika Kusini hufa kwa wingi, na vifo vyao huchukuliwa kuwa ishara ya hatari. Katika mlipuko wa Brazili wa 2016–2018, baadhi ya watu waliwaua wakidhani ndio waenezaji, na hivyo kupunguza ishara hiyo.

Kinga kuu ni chanjo ya 17D.