Kati ya Msalaba na Panga: Somo la Nyange na Butare

Kila mwaka ninapofundisha mada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, darasa hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hushikilia kwamba dini ndiyo mama wa unyama: ondoa imani, na watu wataacha kuchinjana. Upande wa pili hujibu kwamba dini inasingiziwa, kwa kuwa binadamu ni katili kwa asili yake na angeua hata kama asingekuwa na Mungu wa kumtaja. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe niliegemea upande wa pili. Leo naamini kwamba pande zote mbili zinakosea, na kosa lao ni moja: zote zinamwondolea mtu, pamoja na ofisi aliyoikalia, hatia ya alichokitenda.

Tuanze na dini. Mwaka 1994, takriban Wanyarwanda tisa katika kila kumi walikuwa Wakristo. Muuaji na aliyeuawa mara nyingi walibatizwa katika parokia moja na kuimba katika kwaya moja. Watutsi hawakuwindwa kwa ajili ya sala zao; waliwindwa kwa ajili ya neno moja lililoandikwa katika kitambulisho, utaratibu ambao utawala wa Wabelgiji uliuanzisha katika miaka ya 1930 na serikali za baada ya uhuru zikauendeleza. Anayetaka kuthibitisha kwamba ukatili hauhitaji Mungu anaweza pia kuitazama Kampuchea ya mwaka 1975 hadi 1979. Huko utawala wa Khmer Rouge ulipiga marufuku dini, ukawavua watawa wa Kibudha mavazi yao, na bado ukasababisha vifo vya watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Hata hivyo, kusema kwamba dini haikuwa chanzo si kusema kwamba haikuhusika. Katikati ya Aprili 1994, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu ingewasitiri. Kanisa hilo lilibomolewa kwa tingatinga juu ya vichwa vyao. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi hapa Arusha ilimtia hatiani padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, na mwaka 2008 majaji wa rufaa wakamwongezea adhabu kutoka miaka 15 hadi kifungo cha maisha. Mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani mchungaji wa Kiadventista, Elizaphan Ntakirutimana. Wala haya hayakuzuka ghafla. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Kanisa lililokula meza moja na dola lilikosa sauti siku dola ilipogeuka muuaji. Machi 2017, Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo.

Waislamu wa Rwanda, wengi wao wakiwa wakazi wa mitaa ya Waswahili kama Biryogo mjini Kigali, wanakumbukwa kwa kuwaficha majirani zao. Wapo wanaotumia habari hiyo kudai kwamba dini moja ni bora kuliko nyingine. Nadhani wanakosea. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoeneza chuki dhidi ya Watutsi, alikuwa Mwislamu. Tofauti ninayoiona mimi ni ya nafasi katika jamii: Waislamu walikuwa wachache, wamewekwa kando ya madaraka, na viongozi wao hawakuwa na kiti cha kukilinda.

Sasa tuigeukie hoja ya asili ya binadamu. Hoja hii inavutia kwa sababu inasikika kama hekima ya mtu mzima aliyekwisha kuyaona mengi. Lakini iwapo asili ndiyo iliyoua, itueleze habari ya Butare.

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilidunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Kesho yake damu ilikuwa ikimwagika Kigali na katika mikoa mingine. Mkoa wa Butare, ulioko kusini, ulibaki na utulivu kwa takriban wiki mbili, isipokuwa katika maeneo machache, hasa ya mpakani. Mkuu wa mkoa huo, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee aliyekuwa na cheo hicho nchini, alikataa kuachia mauaji yaanze, na baadhi ya viongozi waliokuwa chini yake walimwunga mkono. Watu wakakimbilia Butare kutoka mikoa jirani. Tarehe 17 Aprili ikatangazwa kwamba ameondolewa madarakani. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, ambaye ni mzaliwa wa mkoa huohuo, alifika kumwapisha mrithi wake. Katika hotuba yake aliwakaripia waliokuwa wakijitenga na "kazi", na kila aliyemsikiliza alielewa kazi hiyo ni ipi. Mauaji makubwa yalifuata karibu mara moja. Mkuu wa mkoa aliyeondolewa naye aliuawa baadaye.

Najiuliza: ni kitu gani kilichobadilika Butare ndani ya siku hizo? Asili ya wakazi wake ilikuwa ileile, na katekisimu yao ileile. Kilichobadilika ni mtu aliyeketi katika ofisi ya mkoa, na amri iliyotoka humo. Sikatai kwamba ndani ya binadamu mna woga, wivu na tamaa ya shamba la jirani. Vyote hivyo vilitumika. Lakini kuni zinaweza kukaa uani miaka mingi bila kuunguza nyumba, hadi aje mwenye kiberiti. Rwanda ilihitaji orodha za majina, vizuizi barabarani, redio ya RTLM, na watumishi wa umma waliokwenda kazini asubuhi na kutekeleza.

Narudi Nyange kwa mara ya mwisho. Tarehe 18 Machi 1997, takriban miaka mitatu baada ya kanisa kubomolewa, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya hapo hapo. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda, wakakataa. Baadhi yao waliuawa palepale. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Aprili, waseminari wa Buta nchini Burundi walipewa amri kama hiyo, nao wakakataa, 40 waliuawa. Vijana wale wa Buta walikuwa wamelelewa katika imani ileile aliyoihubiri Seromba. Kwake haikuwa kizuizi. Kwao ilikuwa sababu ya kushikana mikono.

Kwa hiyo mwanafunzi anaponiuliza kama ni dini au ni asili, siku hizi namrudishia swali: nani alitoa amri, nani aliandika orodha, na nani alikuwa na uwezo wa kukataa? Maswali haya yana majibu, na majibu yake yana majina. Kumshtaki Mungu au kuishtaki asili hakumfikishi mtu yeyote mahakamani.

Nayaandika haya nikiwafikiria hasa wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma, na ninyi wanaharakati mnaowakumbusha wajibu wao. Katika ukanda wetu bado kuna viongozi wa dini wanaokaribishwa ikulu na kusahau njia ya kutokea, na bado kuna fomu zinazouliza kabila la mtu bila kueleza taarifa hiyo ni ya nini. Siku afisa atakapotakiwa kujaza safu hiyo kwa haraka, bila maelezo na bila maandishi, aikumbuke Butare ya tarehe 16 Aprili. Sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa bado inapumua kwa sababu mtu mmoja ofisini alikuwa amesema hapana.