Mtakatifu Teresia Ashika Upanga

Sisi sote twamjua Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu kwa mawaridi yake. Lakini alipata pia kushika upanga.

Tarehe 21 Januari 1895, sikukuu ya Mtakatifu Agnes, watawa wa Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, walimfurahisha Mama Agnes, mkubwa wao, kwa mchezo. Teresia, mwenye miaka 22, ndiye aliyeutunga. Ulimhusu Jeanne d'Arc, msichana aliyeongoza askari, akachomwa moto huko Rouen mwaka 1431. Wanaume hawaingii katika monasteri. Basi masista wenyewe walicheza hata sehemu za wanaume. Teresia akawa Jeanne: akavaa nywele za bandia, akashika upanga na bendera. Katika kuigiza ule moto, taa za spiriti ziliunguza mapazia kweli. Teresia aliambiwa asitikisike. Akatulia mpaka moto ukazimwa.

Céline, ndugu yake, alimpiga picha akiwa Jeanne kifungoni. Picha moja ilipelekwa kwa Diana Vaughan, aliyesifiwa kuwa ameongoka. Tarehe 19 Aprili 1897, mjini Paris, Léo Taxil alikiri hadharani kwamba mwanamke huyo hakuwapo kamwe. Picha ile ikaonyeshwa mbele ya watu wenye dhihaka.

Wakati huo Teresia alikuwa mgonjwa sana, na imani yake imo gizani. Silaha za mchezo zilikwisha kuvuliwa. Vita ya kweli aliipiga kitandani, akimtumainia Mungu, hata kufa kwake tarehe 30 Septemba 1897. Ndiye msimamizi wa misioni tangu 1927. Nasi tujaribiwapo, tusitupe upanga wa imani.