Pleti ngumu ya chuma: wapi inakulipa, wapi unatupa hela

Leo tuache siasa na mpira kidogo, niongelee chuma, maana vijana wengi wa hapa Kigoma wanaingia gereji za kuchomelea. Na tangu mkataba wa reli ya SGR Tabora–Kigoma usainiwe Desemba 2022, kazi za mawe na moramu kila mtu anazipigia hesabu.

Juzijuzi nilikuwa Gungu kwa fundi mmoja. Ililetwa ndoo ya kijiko, ile mashine ya kuchimbia moramu, mdomo umelika kama sabuni. Mwenye mashine alishanunua pleti ngumu ya milimita 25, na sio hela ndogo. Fundi akachomelea fresh, kazi ikapendeza. Asubuhi yake tunakuta ufa mrefu pembeni ya uzi wa weldingi. Fundi akaniambia, "Dogo, mzee kapigwa, hii pleti feki." Kumbe pleti haikuwa feki.

Iko hivi. Chuma laini cha kawaida, kwenye kipimo cha ugumu kinachoitwa Brinell, kinacheza kwenye 120 hadi 160. Pleti ya AR400 iko karibu na 400, AR500 karibu na 500. Hardox ya kampuni ya SSAB ya Sweden ni jina la biashara tu, ziko na nyingine. Kiwandani inapashwa moto mkali halafu inapozwa ghafla kwa maji, ndo inakuwa ngumu. Sasa ugumu ulioletwa na moto unaondoka na moto. Ukipita nyuzi 250 hivi inaanza kulainika, na unabaki na chuma cha kawaida ulichonunua kwa bei mbaya.

Msichanganye na chuma cha manganizi, alichokigundua Muingereza Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882. Kile kina manganizi kama asilimia 12, kinakuwa kigumu kwa kugongwa, ndo maana kinawekwa kwenye taya za mashine za kupasua mawe. Mchanga wa kuteleza tu haukigongi vya kutosha, unakila. Kukijua rahisi, sumaku haikishiki.

Kwa mchanga, kokoto na moramu, 400 au 450 inatosha. 500 inastahimili kukwaruzwa zaidi, lakini mawe makubwa yakidondoka toka juu ni rahisi zaidi kupasuka, na kuichomelea ni shughuli. Kwenye tipa faida iko kwenye uzito. Mita moja ya mraba ya milimita 10 ni kilo 78.5, ya milimita 6 ni kilo 47.1. Bodi ya mita 10 za mraba unaokoa kilo 314, huo ni mzigo. Ila ugumu hauzuii kuyumba: pleti nyembamba inabonyea kama chuma kingine chochote chembamba, kwa hiyo angalia fremu ya chini kwanza.

Kuna jamaa aliniuliza kuhusu Uvinza, eti waweke pleti hizi kwenye vyombo vya kuchemshia chumvi. Hapana! Maji chumvi hayakwaruzi, yanaozesha, na pleti hii inapata kutu kama chuma kingine. Pale tatizo ni kutu. Hata maboti, usibandike hii ukidhani umeimarisha. MV Liemba iliingia ziwani hapa Kigoma mwaka 1915 na bodi lake halikutegemea pleti za aina hii. Meli ina chuma chake.

Kununua: dai karatasi ya kiwanda, namba yake ifanane na iliyogongwa kwenye pleti. Rangi na uzito havikwambii kitu. Kama ni skrepa, chukua kipande cha chuma laini, gonga vyote kwa senta panchi kwa nguvu ileile. Kwenye pleti ngumu shimo litakuwa dogo zaidi, na tupa itakula kwa shida.

Kutoboa, tumia biti yenye kobalti, mzunguko wa polepole. Kukunja, kona iwe pana, na usisimame mbele yake, ikikatika inaruka.

Sasa turudi Gungu. Fundi alitumia rodi za 6013, zile za kila siku za mageti, na boksi lilikuwa wazi tangu masika. Unyevu unatoa haidrojeni, inaingia kwenye chuma cha moto, halafu pleti ngumu inapasuka yenyewe masaa kadhaa baadaye, hata siku mbili. Pia hakuipasha pleti kabla. Milimita 20 kwenda juu, au daraja la 500, mara nyingi lazima upashe, nyuzi zimeandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Wengi wanadhani pleti ngumu inataka rodi ngumu. Sio, inatakiwa 7018, laini kuliko pleti yenyewe, ila iwe kavu kabisa.

Ufa ukasagwa wote kwa grainda hadi mwisho. Rodi zikakaushwa kwenye oveni, pleti ikapashwa, uzi ukawekwa mdogomdogo. Mzee alitaka mashine yake jioni ileile. Fundi akakataa, akamwambia asubiri siku mbili, ndo akague tena kabla ya kuirudisha kwenye moramu.