Afrigo Band na Kaseti za Kikuubo

Kikuubo, kwa Kiganda, maana yake ni kichochoro. Ni mtaa mwembamba wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, ambako sabuni, sukari na biskuti huuzwa kwa katoni, na wachukuzi wenye mizigo kichwani hawampishi mtu. Nilikwenda huko kutafuta kaseti ya Afrigo Band. Mwenye duka mmoja alicheka, akanielekeza kwa kijana anayejaza watu nyimbo kwenye flashi. Afrigo alikuwa nayo: faili tisa zisizo na mwaka wala jina la mtunzi.

Bendi hii husimuliwa zaidi kwa nyimbo zake. Mimi nadai kwamba kilichoiweka hai si nyimbo zilizorekodiwa, bali mlango wa ukumbi.

Afrigo ilianza mwaka 1975, pale Moses Matovu, mpiga saksafoni, na wenzake walipojitoa katika The Cranes. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Idi Amin alikwisha wafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yamekauka, magendo ndiyo biashara. Aliyetaka kutoa santuri alitazamia Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Bendi ya kutegemea santuri ingekufa njaa. Afrigo ilitegemea wachezaji dansi waliolipa kiingilio wiki baada ya wiki, na ikavuka vita vya 1979 na tawala zilizofuata kwa namna hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye bado ilikuwa ikipiga Club Obligato.

Kisha zikaja kaseti. Hapa dai langu linapata mpinzani, na mpinzani huyo ni mama yangu. Alikulia Kasese, Kisoga hakijui, lakini “Obangaina” wa Rachel Magoola na Afrigo anauimba mwanzo hadi mwisho. Aliujuaje, ilhali bendi hakuiona? Kaseti zilitoka mjini kwa magari yaleyale yaliyobeba sabuni. Kwa hiyo nakiri: mtaa wa jumla uliisambaza Afrigo kuliko ukumbi wowote. Lakini kusambaza si kulipa. Kaseti moja ilizaa nyingine kwa mashine ya kunakili, na sheria mpya ya hakimiliki ilipopitishwa mwaka 2006, kaseti yenyewe ilikuwa inaondoka sokoni. Kaseti ilileta jina. Jina lilileta watu ukumbini. Ukumbini ndiko kulikokuwa na fedha. (Wasanii wa leo wanaopigania matamasha wangemwelewa Matovu vizuri, ambaye amepita miaka 70 na saksafoni hajaiweka chini.)

Tatizo langu kama mwanafunzi wa historia ni kwamba ukumbi hauachi karatasi. Zile faili tisa nilizipeleka kwa jirani yetu mzee, aliyekuwa mpenzi wa dansi. Ya nne ilipofika kwenye saksafoni, aliinua mkono ninyamaze. Akanitajia ukumbi, meza aliyokaa, na rafiki aliyemkopa nauli ya kurudi nyumbani usiku ule. Nilipomuuliza mwaka, alisema nimuulize mkewe, ambaye naye alitaja gauni.

Nimeandika vyote, pamoja na gauni.