Michezo ya video ya 'wingu': Kampuni zabadili biashara, Bulongwa yabaki mbali na seva

Na Mwandishi Wetu, Njombe

KWA miaka mingi biashara ya michezo ya video duniani ilitegemea kitu kinachoshikika mkononi: mashine inayouzwa dukani, na kaseti au diski inayochomekwa ndani yake.

Diski hizo zilivuka bahari, zikapita Kariakoo, zikapakiwa katika mabasi na kushushwa njia panda ya Makambako kabla ya kufika kwenye vibanda vya gemu, ambako vijana hulipia kwa mechi au kwa muda.

Sasa kampuni kubwa zinataka safari hiyo ikome. Zimetumia mabilioni ya dola kujenga utaratibu ambao mteja hanunui mashine wala diski, bali hulipa kila mwezi na kuchezea michezo iliyomo katika kompyuta za mbali, kwa kutumia simu, televisheni au kompyuta aliyonayo.

Kwa kusikia tu, mtu angedhani huduma hiyo imebuniwa kwa ajili ya mkazi wa Bulongwa, kata ya Wilaya ya Makete inayofahamika kwa hospitali yake ya Kanisa la Kilutheri, iliyo mbali na maduka makubwa ya mijini. Hesabu za biashara hiyo, hata hivyo, zinaonyesha kwamba yeye ndiye mteja wa mwisho kufikiriwa.

WINGU LINAVYOFANYA KAZI

Katika utaratibu huu, mchezo huendeshwa na seva iliyo katika kituo cha data. Mchezaji anapobonyeza kitufe, amri husafiri kwa intaneti hadi kwenye seva, nayo hutengeneza picha na kuirudisha kwenye kioo chake kama filamu.

Lakini filamu ya kawaida inaweza kupakuliwa mapema na kusubiri ndani ya simu, ndiyo maana mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji hatambui. Picha ya mchezo haiwezi kutengenezwa mapema, kwa sababu haijulikani mchezaji atabonyeza nini.

Kwa hiyo umbali kati ya mchezaji na seva ni jambo la kufa na kupona. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hutoa picha moja takriban kila milisekunde 17. Amri ikichelewa, mpira unakuwa umeshapita ndipo mchezaji wako anarusha mguu.

WALIOTANGULIA WALIANGUKA

Kampuni ya OnLive ya Marekani ilianza kutoa huduma hii kwa umma mwaka 2010, lakini ilifungwa Aprili 2015 na hataza zake kununuliwa na Sony. Sony ilikuwa imeshainunua kampuni nyingine ya aina hiyo, Gaikai, mwaka 2012 kwa dola milioni 380, na kutokana nayo ikaanzisha PlayStation Now mwaka 2014.

Anguko lililotikisa zaidi ni la Google. Huduma yake ya Stadia ilizinduliwa Novemba 2019 katika nchi 14 za Ulaya na Amerika Kaskazini, ikafungwa Januari 18, 2023. Google iliwarudishia wateja fedha za michezo na vifaa walivyonunua katika maduka yake.

Google haikukosa seva wala wataalamu. Kasoro kubwa ilikuwa katika biashara yenyewe: mteja alitakiwa kununua michezo mingi mmoja mmoja, hata ile aliyokwisha kuinunua kwa ajili ya mashine nyingine. Aidha, Februari 2021 kampuni hiyo ilitangaza kufunga studio zake za kutengeneza michezo, hivyo ikabaki ikitegemea kazi za wengine.

Somo walilopata wenzake ni kwamba mchezaji hafuati seva, anafuata mchezo. Mwenye mchezo ndiye mwenye soko.

MIKAKATI MITATU

Microsoft ilichagua kuuza ghala zima badala ya mchezo mmoja. Septemba 2020 iliingiza michezo ya wingu katika kifurushi chake cha Game Pass Ultimate kwa nchi 22, kwa dola 14.99 kwa mwezi. Kufikia Oktoba 2025 kifurushi hicho kilikuwa kimepandishwa hadi dola 29.99 nchini Marekani, huku huduma ya wingu ikifunguliwa pia kwa vifurushi vya chini.

Ili ghala lijae, Januari 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuinunua Activision Blizzard, wamiliki wa Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Aprili 2023 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilizuia ununuzi huo kwa hoja ya wingu. Kwa makadirio ya mamlaka hiyo, Microsoft ilikuwa tayari na asilimia 60 hadi 70 ya soko la michezo ya wingu duniani.

Microsoft ililazimika kugawa mali. Haki za kurusha michezo ya Activision kwa njia ya wingu nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ikiwamo itakayotoka katika miaka 15, ziliuzwa kwa Ubisoft ya Ufaransa, na ununuzi ukakamilika Oktoba 13, 2023. Ilikuwa ishara kwamba haki ya kurusha mchezo imekuwa bidhaa yenye thamani yake, tofauti na mchezo wenyewe.

Nvidia ilifuata njia ya pili: kukodisha kompyuta. Katika huduma yake ya GeForce Now, mteja huleta michezo aliyonunua kwingine. Mara baada ya huduma hiyo kutoka katika majaribio Februari 2020, Activision Blizzard iliondoa michezo yake humo, na wachapishaji wengine wakafuata. Mteja aligundua kuwa kununua mchezo hakumpi ruhusa ya kuuchezea kwenye kompyuta ya kukodi.

Njia ya tatu ni ya tahadhari. Sony haikuacha kuuza mashine, bali mwaka 2022 iliifanya huduma ya wingu kuwa sehemu ya daraja la juu la PlayStation Plus, ili kumbakiza mteja wake nyumbani. Nintendo nayo iliruhusu michezo mizito kuliko uwezo wa mashine yake ya Switch iletwe kwa wingu.

HESABU YA BULONGWA

Mikakati yote hiyo inadhani mteja ana mambo matatu: seva iliyo karibu, intaneti isiyohesabiwa kwa megabaiti, na kadi ya benki.

Tuanze na seva. Katika nchi za kwanza za Stadia na zile 22 za Microsoft, haikuwamo hata moja ya Afrika. Microsoft ilifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, lakini kutoka Bulongwa hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya mkongo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 20, kabla seva haijachora picha.

Na mkongo haupiti mstari ulionyooka. Data inayopitia Dar es Salaam huingia baharini na kuibukia Mtunzini, Afrika Kusini, inakotua mikongo ya SEACOM na EASSy. Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mwenye diski siku hiyo aliendelea kucheza.

Pili ni bando. Microsoft ilishauri kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde kwa simu. Kasi hiyo ikitumika yote kwa saa moja, ni gigabaiti 4.5. Mwaka 2022 Serikali ilieleza kuwa bei elekezi ya vifurushi ni kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti. Kwa viwango hivyo, saa moja ya mchezo ingegharimu kati ya shilingi 9,000 na 42,000, mbali na ada ya mwezi.

Tatu ni malipo. Huduma nyingi za aina hii zilijengwa kwa wateja wenye kadi, wakati fedha za Watanzania wengi hupita kwenye simu.

Jitihada za kupunguza pengo zipo. Vodacom ilizindua 5G nchini Septemba 2022, na Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Minara huleta mtandao karibu, haisogezi seva.

AFRIKA YACHAGUA SIMU

Kwa sababu hizo, kampuni zinazolitazama soko la Afrika zimejenga biashara juu ya michezo myepesi inayokaa ndani ya simu. Kola Studios ya Kampala ilipata jina kwa Matatu, mchezo wa karata unaochezwa Uganda.

Carry1st yenye makao Cape Town ilielekeza nguvu katika kuchapisha michezo ya simu na kuwawezesha wachezaji kulipa kwa njia za kwao, ikiwamo fedha za simu. Mwaka 2022 ilipata dola milioni 20 kutoka kwa wawekezaji wakiwamo Andreessen Horowitz na Google, na mwaka 2024 Mfuko wa Ubunifu wa Sony ukaingia pia. Hivyo Sony ileile inayouza wingu Ulaya imetia fedha katika simu barani Afrika.

KIBANDA HATARINI?

Mwenye kibanda cha gemu amekuwa akifanya biashara inayofanana na ya wingu muda mrefu: mteja wake hamiliki mashine, hulipia muda. Tofauti ni kwamba diski iliyo kabatini mwake hakuna awezaye kuizima kutoka mbali, wakati huduma za wingu kwa kawaida huruhusu matumizi binafsi tu, na michezo huondolewa mikataba inapokwisha.

Endapo kampuni zitaacha kabisa kutoa diski kabla seva hazijasogea, wa kwanza kuumia hawatakuwa wachezaji wa London. Watakuwa ni vijana wa mahali ambapo mashine moja huchezewa na mtaa mzima.

Kwa anayefikiria kulipia huduma hii leo, maswali ya kuuliza ni manne: je, nchi yake imo katika orodha ya huduma; seva iliyo karibu iko wapi; saa moja inakula gigabaiti ngapi; na huduma ikifungwa, fedha zitarudi au zitapotea?