Kuuza vitu vilivyotumika mtandaoni: Soko limepanuka, shahidi ametoweka

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, jokofu zima lililokaa kona ya sebule huko Igoma halijiuzi iwapo hakuna anayejua kuwa linauzwa.

Kwa miaka mingi mkazi wa kata hiyo, iliyopo wilayani Nyamagana kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, alikuwa na njia chache za kuuza kifaa kilichotumika. Aliwaambia majirani, alibandika karatasi kwenye duka la mtaani au alimkabidhi dalali. Njia ya dalali ilikuwa na gharama yake, kwani aghalabu muuzaji hakujua mnunuzi alilipa kiasi gani, na dalali alibaki na kile kiitwacho “cha juu”. Matangazo madogo madogo ya magazetini nayo yalilipiwa.

Matangazo ya mtandao yamebadili hali hiyo. Nchini Marekani, Craig Newmark alianzisha mwaka 1995 orodha ya matangazo kwa barua pepe mjini San Francisco, ambayo baadaye ikawa tovuti ya Craigslist. Kwa upande wa Afrika, kampuni ya Jiji ilinunua mwaka 2019 biashara ya OLX katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Sambamba na tovuti hizo, yapo makundi ya Facebook na WhatsApp ambamo watu wa mji mmoja huuziana vitu.

Faida ya kwanza ni upana wa soko. Tangazo lililowekwa Igoma husomwa Kirumba, Nyegezi na hata Geita, mara nyingi bila malipo. Faida ya pili ni bei. Mwenye cherehani huweza kutazama cherehani nyingine zinauzwaje kabla ya kutaja yake, na mnunuzi naye hufanya hivyo hivyo. Aidha, wawili hao huelewana moja kwa moja, na “cha juu” hubaki mfukoni mwao.

Kasoro zake nazo si haba. Picha haisemi kwamba jokofu halishiki baridi, na anayelipa kabla ya kuona huuziwa mbuzi kwenye gunia. Wapo wanaotaka malipo ya awali ili “wakuwekee” kitu kisichokuwepo. Muuzaji pia huibiwa, hasa kwa ujumbe bandia unaodai kuwa fedha zimetumwa kwenye simu yake. Dawa yake ni kutazama salio lenyewe kabla ya kutoa mali, wala si kuusadiki ujumbe.

Hatari kubwa zaidi ni mali ya wizi. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida mtu asiye mmiliki hawezi kumpa mwingine umiliki. Mwenye mali akijitokeza, mnunuzi hupoteza kitu na fedha zake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo huhesabu kuwa ni kosa kupokea mali ya wizi kwa kujua au kwa kuwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa. Bei ya kutupa inapaswa kumshtua mnunuzi kabla haijamfurahisha.

Kwa sababu hiyo, inafaa wahusika wakutane mchana, mahali penye watu, kila mmoja akiwa na mwenzake. Chombo cha umeme kiwashwe na kiachwe kifanye kazi kwa muda. Kwa simu, bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho, kisha uitume kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ili kujua kama aina inayotajwa ndiyo iliyo mkononi. Namba za matapeli hutolewa taarifa kwa 15040.

Kwa pikipiki, namba za injini na fremu zilinganishwe na kadi, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Muuzaji asiyefanya hivyo huendelea kutambuliwa kuwa mmiliki, na faini za barabarani humfuata yeye.

Kwa kitu cha thamani, hati ya mauziano iandikwe na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi muuzaji. Mwenye mali halali hana sababu ya kuikwepa ofisi hiyo.

Zamani jirani aliyekuuzia redio ulimjua kwake, nawe ungeweza kurudi kumdai. Mtandao huleta wateja wengi zaidi kuliko jirani yeyote, lakini humwondoa shahidi huyo. Anayenunua au kuuza kwa njia hiyo hana budi kumrudisha shahidi mwenyewe, kabla fedha hazijatoka mkononi.